Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, watu wengi waliifasiri kauli hiyo kwa tumbo. Mgeni akija, jogoo huchinjwa, na mwenyeji aliyekuwa akila mchicha wiki nzima naye hupata paja. Tafsiri hiyo si ya makosa, ila haitoshi. Mgeni huweza pia kumponya mwenyeji kwa kukiona kile ambacho wenyeji wamekizoea hata wakaacha kukitazama, akakitaja kwa jina lake mbele ya watu. Na hakuna mgeni aiwezaye kazi hiyo kuliko mtoto mdogo, kwa kuwa yeye bado hajafundishwa mambo yapi hayasemwi.

Habari hii ni ya familia moja ya Unguja, baba, mama na binti yao wa miaka mitano, waliosafiri kwa gari hadi Katoro, mkoani Geita, skuli zilipofungwa kwa likizo fupi wakati wa masika. Baba ni Msukuma, mwashi kwa kazi, aliyevuka bahari mwaka 2009 kufuata majengo ya hoteli za pwani ya mashariki ya kisiwa. Alikuja kwa miezi sita, akaoa, akabaki. Mama ni mwalimu wa skuli ya maandalizi, mzaliwa wa mjini, ambaye kabla ya safari hii hakuwahi kupita Morogoro. Binti yao alimjua bibi yake wa Katoro kwa sauti tu, na kwa sura ya kwenye kioo cha simu, ambayo mara nyingi ilikuwa nusu ya paji la uso na kipande cha paa la bati.

Simu iliyoanzisha safari ilipigwa usiku. Mdogo wake baba, anayeishi Katoro mjini, alisema maneno machache. Mtoto wa jirani amefariki kwa homa. Kuna watu wamekwenda kupiga ramli. Na asubuhi ya jana mama amekuta karatasi chini ya mlango wake. Karatasi hiyo haikuwa na jina wala salamu. Ilimpa mama siku thelathini awe amehama.

Mtu wa visiwani asiharakishe kucheka wala kushangaa. Mwaka 1995 khofu ya Popobawa iliwatoa watu wa Pemba na Unguja majumbani mwao, wakalala nje makundi kwa makundi, wasomi na wasiosoma, na khofu hiyo haikupita bila ya kumwaga damu. Khofu haina bara wala pwani. Tofauti iliyopo ni ya nani hutupiwa lawama khofu inapotafuta mwenyewe. Huko Usukumani, kwa miaka mingi, aliyetupiwa ni mwanamke mzee mwenye macho mekundu.

Mama wa mtoto alikataa mwanzoni. Alisema jambo ambalo mama yeyote angelisema, kwamba mtoto hapelekwi mahali penye moto. Baba hakubishana naye siku ile. Siku ya pili alimweleza hivi: mwanamume akienda peke yake, watasema amekuja kwa ugomvi, na watajiandaa kwa ugomvi, akija na mkewe na mwanawe, amekuja nyumbani. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akakubali kwa sharti moja, nalo ni kwamba usiku watalala katika nyumba ya wageni mjini Katoro, si kitongojini kwa bibi. Mtoto aliambiwa kwamba wanakwenda kumwona bibi. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote.

Walivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, na huko mjomba wa mtoto akawaazima gari lake dogo. Mkewe mjomba akatoa zawadi ya mkwe asiyemjua, jiko la gesi la sahani mbili, likiwa bado ndani ya boksi lake. Mtungi wangeununua hukohuko. Boksi likawekwa kiti cha nyuma, na mtoto akaketi ubavuni mwake na kalamu, akalifanya kuwa daftari lake la safari.

Baba aliweka kanuni moja, ili kumfurahisha mwanawe na kujizuia yeye mwenyewe asisinzie: ndani ya gari hili kila swali litajibiwa. Hakujua uzito wa ahadi hiyo. Chalinze mtoto aliuliza mbona bahari imeisha. Morogoro aliuliza kama milima ya Uluguru ina mtu wa kuilinda. Dodoma, walipolala usiku wa kwanza, aliuliza ikiwa zabibu huota chini ya ardhi kama karanga, na asubuhi yake baba akasimamisha gari kwa muuza zabibu wa kando ya barabara ili jibu lipatikane kwa macho. Singida mashamba ya alizeti yalikuwa yamechanua pande zote mbili, na mtoto akataka kujua kwa nini maua yote yanatazama upande mmoja kama watoto wa skuli mbele ya mwalimu. Baba alishindwa. Mama, ambaye tangu Dar es Salaam alikuwa kimya, ndiye aliyejibu kwamba alizeti ikiwa changa hulifuata jua kutwa nzima, na likishapevuka ua lake hutulia likielekea mashariki. Mtoto akasema kuwa basi yale yamekwishakuwa makubwa, hayachezi tena. Hapo mama akacheka, na ndiyo mara ya kwanza alipocheka katika safari ile.

Baada ya Singida barabara hushuka mlima wa Sekenke kwa kona kali, na chini yake huanza uwanda wa Wembere. Baba alieleza kuwa mahali hapa Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

"Dhahabu inaliwa?" mtoto aliuliza.

"Hailiwi."

"Basi wanaichimbia nini?"

"Wakaiuze, wapate pesa ya kununua chakula."

Mtoto alifikiri, akasema ni bora wangelilima chakula chenyewe. Baba hakumjibu, kwa kuwa halikuwa swali. Lakini alilikumbuka neno hilo baadaye.

Walipita Igunga na Nzega. Penye njia panda ya Tinde, ambapo barabara moja huelekea Kahama hadi Rwanda na nyingine Shinyanga hadi Mwanza, walishika ya Shinyanga, na huko wakalala usiku wa pili. Nyuma ya nyumba ya wageni mama lishe mmoja alikuwa akipika wali kwa kuni mbichi, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, naye akijipepea kwa mfuniko wa sufuria na kuyafuta macho kwa kiwiko. Mtoto alisimama kumtazama. Aliporudi mezani aliuliza:

"Baba, bibi anaumwa?"

Kanuni ilidai jibu. Baba alimtazama mkewe, kisha akatazama sahani. Baada ya muda akasema, "Macho tu." Mtoto akaridhika, akaendelea kula, na wazazi wake hawakumaliza wali wao.

Maneno hayo mawili yalibeba historia ndefu kuliko alivyokusudia msemaji. Nchi ya Shinyanga haikuwa siku zote uwanda mtupu wenye mibuyu iliyosimama mbalimbali. Tangu miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza uliwafanya watu wafyeke mapori ili kumfukuza mbung'o; kisha kilimo cha pamba kikapanuka, ng'ombe wakaongezeka, na miti ikazidi kupungua. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, ambao ulirudisha miti kwa kuufufua utaratibu wa wenyeji wa kutenga malisho, uitwao ngitili. Kazi hiyo ilifanikiwa na kusifiwa hata nje ya nchi. Lakini kabla ya hapo, na katika nyumba nyingi baada ya hapo, mwanamke aliyekosa kuni alipikia mabua ya mahindi, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Alipikia katika kibanda kisicho na dirisha. Moshi wa vitu hivyo ni mzito na mchungu. Mwanamke akiukalia tangu utotoni hadi uzeeni, macho yake huwa mekundu. Hilo halihitaji ramli.

Ramli, hata hivyo, ilipigwa. Msomi Simeon Mesaki, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kwa kina juu ya mauaji yaliyotokana na tuhuma za uchawi Usukumani. Kati ya 1970 na 1984 pekee zilihesabiwa roho zaidi ya 3,000 zilizopotea kwa sababu hiyo Tanzania Bara, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya vifo ikawa Usukumani. Mauaji hayakwisha na mwaka 1984. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa ramli chonganishi, baada ya damu ya watu wenye ualbino nayo kumwagika katika mikoa hiyohiyo. Waliochunguza jambo hili wameeleza mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma huwa kuna kitu kinachoshikika zaidi: urithi, mpaka wa shamba, ng'ombe.

Na katika ukanda wa Geita kuna kitu kimoja zaidi chini ya shamba.

Usiku ule, mtoto alipolala, baba alimweleza mkewe lile ambalo hakuwa amemwambia. Miaka miwili nyuma mtu mmoja alimwendea mama akitaka kuchimba maduara mawili katika shamba lake la mihogo, kwa kuwa mawe yaliyookotwa karibu na hapo yalionyesha dhahabu. Mama alikataa. Alisema shamba likishachimbwa halirudi kuwa shamba. Yule mtu akaja tena mara mbili, mara ya mwisho akiwa na fedha mkononi, na mara zote akajibiwa hivyohivyo.

"Kwa hiyo ni yeye?" mama aliuliza.

"Sijui," baba akajibu. "Na nikisema ni yeye bila ya kujua, nitakuwa nimepiga ramli mimi."

Asubuhi walipita Maganzo, karibu na Mwadui ambako almasi imechimbwa tangu 1940, wakafika Misungwi, na penye Usagara wakakunja kushoto kuelekea ziwani. Hapo zamani safari ilisimama Kigongo. Baba alikumbuka foleni za kungoja kivuko, wauza samaki wa kukaanga wakipita madirishani, akinamama wenye watoto wagonjwa wakiuliza kila baada ya muda kama zamu imefika. Sasa liko daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Gari lilipopanda juu ya maji mtoto alipiga kelele.

"Bahari imerudi!"

Baba alieleza kuwa hili ni Ziwa Victoria, na maji yake hayana chumvi. Mtoto hakuamini hadi walipovuka, wakasimama ng'ambo, akachovya kidole na kukilamba.

Baada ya Sengerema nchi hubadilika. Vilima huanza, udongo huwa mwekundu, na watu wote huonekana wana haraka. Geita huonekana mlima uliokatwa na uzio mrefu wa mgodi mkubwa ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Katoro yenyewe, magharibi ya hapo, haina mgodi mkubwa. Ina wachimbaji wadogo waliotapakaa vijiji vya jirani, na ina soko. Pikipiki hazihesabiki. Duka la mitumba limepakana na duka la pampu za maji, na la pampu limepakana na la simu. Mawe husagwa katika makarasha, na vumbi lake jeupe hukaa juu ya majani ya migomba. Mji umekua hata umekutana na Buseresere ya wilaya ya Chato, na mgeni hajui wapi umeishia mmoja na kuanza mwingine. Usiku taa zake huonekana kutoka mbali. Ni vigumu, ukiwa katikati ya mji kama huo wenye benki na vioo, kuamini kwamba mwendo mfupi wa pikipiki kutoka hapo kuna bibi aliyesukumiwa karatasi chini ya mlango.

Bibi huyo alizaliwa upande wa Shinyanga, akaletwa Geita akiwa mgongoni mwa mama yake katika miaka ya 1950. Familia nyingi za Kisukuma zilihamia magharibi wakati huo kutafuta ardhi mpya, na utawala wa kikoloni wenyewe, katika mpango wake wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, uliwahimiza wahame. Hapo ndipo alipokulia, akaolewa, akazaa, na hapo ndipo alipomzika mumewe.

Walimkuta ameketi chini ya mwembe na majirani kama kumi, kwa sababu habari ya gari ilikuwa imetangulia. Mama wa mtoto alipiga magoti kumwamkia mkwewe, kama alivyofundishwa njiani, akasema "Mwangaluka" kwa lafudhi iliyowachekesha wote, ingawa jua lilikuwa limekwishapinda na salamu hiyo ni ya asubuhi. Bibi akamwinua, akamwita mwanangu. Kisha akamwita mjukuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Bibi akamshika mashavu kwa viganja viwili, akamsogeza karibu amwone vizuri. Mtoto naye akamtazama, kwa makini yaleyale aliyoyatazamia alizeti, akasema kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia:

"Bibi, mbona macho yako mekundu?"

Mwanamke aliyekuwa akimenya karanga aliacha kumenya. Mama alinyoosha mkono kumvuta mwanawe, na mkono ukabaki hewani. Neno lililokuwa likipita kwa minong'ono kwa majuma kadhaa, lililopelekwa kwa mganga na kuandikwa kwenye karatasi isiyo na jina, lilikuwa limesimama pale uwanjani mchana kweupe, nalo lilikuwa swali.

Bibi hakuuachia uso wa mtoto.

"Ni moshi, mjukuu wangu," alisema. "Ni moshi wa miaka sitini." Kisha, bila ya kumtazama mtu mwingine yeyote, akaongeza: "Siku zote watu wananitazama macho. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Hakuna aliyesema kitu. Baada ya muda yule mwanamke akarudi kwenye karanga zake.

Siku iliyofuata baba na mdogo wake walikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kutoka hapo kwa mtendaji wa kijiji na polisi, wakaionyesha karatasi na kutaka iandikwe kuwa imeonekana. Jioni yake baba alimwomba mama yake wafuatane Unguja. Alimweleza juu ya chumba kilichokwisha tayarishwa, hospitali iliyo karibu, bahari. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kaburi la baba yake atamwachia nani. Akasema pia jambo ambalo mwanawe hakuwa amelifikiria.

"Nikihama, karatasi itakuwa imesema kweli. Na bibi mwingine ataletewa yake."

Basi baba akafanya lile analolijua. Alinunua tofali za kuchoma na mifuko ya saruji, akaanza kumjengea mama yake jiko jipya, lenye madirisha mawili yanayotazamana, jiko banifu la udongo, na dohani ya kuutoa moshi juu ya paa. Mtungi wa kilo sita ulinunuliwa mjini na jiko la gesi likawashwa. Bibi alilistaajabia, akalipangia kazi ya kuchemshia chai, akasema ugali wa gesi hauna harufu ya ugali. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Bila ya shaka utakutana na mabibi wengi wenye hoja kama hiyo. Ndiyo sababu mwashi alijenga dohani.

Siku ya tatu, jiko jipya likiwa usawa wa kiuno, walikuja wanawake wa jirani kumsalimu mgeni. Miongoni mwao alikuwa mama wa yule mtoto aliyefariki. Alikaa mbali kidogo na wenziwe, amejifunika kanga mpaka kidevuni, na hakuna aliyejua kama amekuja kwa adabu au kwa jambo jingine. Bibi alikuwa ndani ya kibanda cha zamani akichemsha michembe, na mjukuu yuko naye, kwa kuwa siku hizo hakubanduka ubavuni mwake. Kuni zilikuwa na umande. Ghafla mtoto akatoka mbio, amefumba macho, anakohoa na kulia, akapapasa hewa na kuangukia mapaja ya mtu wa kwanza aliyemgusa. Mtu huyo alikuwa yule mama aliyefiwa.

Kwa muda mama huyo hakujua aiweke wapi mikono yake. Kisha akachukua ncha ya kanga, akamfuta mtoto uso, akamwinua kidevu, na mtoto akafumbua macho. Yalikuwa mekundu kama pilipili. Mama yule aliyatazama muda mrefu. Aligeuza uso kukitazama kibanda, ambako moshi ulikuwa ukitoka mlangoni kwa sababu haukuwa na njia nyingine, akamwona bibi akitoka ndani yake na kikombe cha maji mkononi.

"Moshi huu," alisema kwa sauti ndogo, "utawaua watu."

Bibi alimpa maji, naye akamnawisha mtoto. Hakuna aliyetaja ramli wala karatasi. Wanawake walikaa hadi michembe ikaiva, wakala na kunywa chai ya gesi, wakaondoka. Usiku ule mtoto akalilia kulala kwa bibi. Baba alimtazama mkewe na kungoja, kwa kuwa sharti lilikuwa lake. Mama alitazama mlango wa mbao ambao karatasi ilipitishwa chini yake, akautazama na mwembe, na njia iliyokuwa ikianza kuingia giza. Akaenda garini mwenyewe, akatoa mikoba, akaiingiza ndani. Mkeka wake aliutandika karibu na mlango kuliko wote, na haijulikani kama alipata usingizi.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mama aliyefiwa alikuja peke yake, asubuhi mapema, akasimama penye rundo la tofali zilizobaki.

"Fundi," alimwambia baba, "na la kwangu unaweza kulitazama?"

Tofali zilizobaki zilitosha dohani tu. Baba alizibeba kwa toroli hadi kwake, na katika siku zile mbili akamjengea. Alipokuwa juu ya paa aliona nguo ndogo za mtoto zimekunjwa juu ya boriti, hazijatolewa. Hakuuliza, naye hakuambiwa. Walizungumza juu ya udongo, juu ya mvua, juu ya bei ya saruji. Moto ulipowashwa na moshi ukapanda juu badala ya kujaa ndani, mama yule alisimama mlangoni akiutazama, akasema "Mhola," neno ambalo kwa Kisukuma ni amani na ni uzima pia.

Itakuwa uongo kusema kuwa dohani mbili zimemaliza jambo. Shamba la mihogo bado liko, na kilichomo chini yake bado kimo. Mtu aliyetaka kuchimba maduara alikutana nao njiani siku ya kuondoka, akawasalimu kwa heshima nyingi, akawatakia safari njema. Mdogo wake baba amehamia kwa mama kwa muda, na siku ya thelathini ilipofika alikesha. Hakuja mtu. Ya thelathini na moja pia. Bibi anaendelea kuhesabu, ingawa anasema hahesabu.

Gari liliporudi juu ya daraja la Busisi mtoto hakupiga kelele. Alikuwa amechora nyumba katika daftari, boksi likiwa limebaki Katoro, na juu ya nyumba amechora moshi ulionyooka hadi mwisho wa karatasi. Aliinua kichwa, akauliza:

"Baba, ile barua ya kumfukuza bibi aliandika nani?"

Mama aligeuka nyuma. Hakuna aliyemwambia mtoto habari ya barua, si Unguja, si njiani, si Katoro. Kanuni ya gari, hata hivyo, haikuwa imefutwa.

"Sijui, mwanangu," baba alisema.

"Umeuliza?"

"Tumeuliza. Tutaendelea kuuliza."

Mtoto akakubali, akarudi kwenye mchoro wake, na chini ya nyumba akaanza kuchora watu. Alichora wengi.